Sahani Zilizooshwa kwa Sabuni ya Vyombo

Rayya mwanangu,

Begi lako limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, na mie nimeamua leo silitii mkono. Ya kula, ya kuvaa, ya kusali kwa wakati, yote nimeshakwambia mpaka jana ukaziba masikio kwa mito ya kochi. Korea ni mbali, lakini weye ni mtu mzima, umesomea kujenga meli, na mtu anayejua kwa nini chuma kizito kinaelea hawezi kushindwa kujipikia wali. Hayo nayaacha.

Nnakuandikia kwa sababu ya suali lako la juzi. Tulikuwa tunazipangusa vumbi sahani za santuri, ukaniuliza, "Mama, hivi zamani ulikuwa ukizipenda hizi kuliko Baba?" Ukacheka, nami nikacheka, nikakutuma jikoni. Suali likabaki na mie. Nimemuuliza babako kama naweza kukujibu kweli, akasema, "Mwambie. Ila useme na mie nilikuwa na sauti nzuri tokea zamani." Basi nishasema.

Nianzie kabla hujazaliwa. Nilikuwa nafanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati moja ya Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati. Siku hizo nyumba nyingi za pale zilikaliwa na wageni, wahandisi na madaktari, na mtu mkataba wake ukimalizika huitoa nyumba nzima uani, akauza alivyonavyo kabla ya kupanda ndege. Nikenda kwa bibi mmoja, mke wa daktari, kutafuta feni. Feni ilikuwa imeshachukuliwa. Kilichobaki ni gramafoni na sanduku la mbao lililojaa sahani ndogo, zile zenye wimbo mmoja kila upande na tundu kubwa katikati. Ili nione kwamba mashine inafanya kazi, akaweka moja, akashusha sindano.

Sijui nikuelezeje. Weye umekulia ndani ya nyimbo hizo, kwako ni kama sauti ya friji. Mie nilikuwa sijapata kusikia. Sie kwetu tulikuwa watu wa taarab, na kwenye taarab unasubiri: fidla inazunguka, kanuni inazunguka, mwimbaji anaingia akishakuwa tayari. Hapa hapakuwa na kusubiri. Mwanamme wa sauti nzito alianza peke yake, bum bum bum, kama anayeshuka ngazi na mzigo, wenzake wakamfata kwa maneno yasiyo na maana, du-wa, du-wa, halafu kijana mwengine akapaa juu yao akilia kwamba kaachwa. Ala zilikuwa chache, ngoma kidogo na piano iliyojificha nyuma. Yule bibi akanambia hao ni vijana weusi wa Amerika, watu wa mitaani tu, wakiimba kwenye pembe za barabara na kwenye ngazi za majumba kwa kuwa huko sauti inarudi vizuri. Wenyewe muziki huo huuita du-wop. Nikasimama uani mwa watu, jua la Mei utosini, nikasahau feni.

Nikarudi nyumbani kwa teksi, sanduku mapajani. Babako akafungua mlango.

"Feni iko wapi?"

"Hamna."

"Na hilo nini?"

"Sahani."

Akafurahi, wallahi. Zetu za kulia zilikuwa zimebaki mbili tatu, akadhani nimefikiria nyumba. Akaufungua mfuniko, akatoa moja, akaitia kidole kwenye tundu, akanitazama. Hakusema kitu. Babako ukitaka kumjua, msikilize anapokuwa hasemi kitu.

Basi nikashikwa. Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nazunguka nyua za wageni wanaohama. Nilizipata Matrah, nyuma ya duka la mabirika ya shaba, mwenye duka kazitia chini ya makabati yasiyumbe. Nilizipata kwa mabaharia, na kwa shoga yangu wa Mombasa aliyekuwa akinifungia ndani ya khanga. Kutoka du-wop nikaingia kwa ndugu zake, ridhimu na bluzi, zile zenye saksafoni inayobweka na mwanamke anayeimba kama anamfukuza mtu nyumbani. Nikajifunza kusoma lebo, ile karatasi ya duara katikati, rangi zake na nambari zake, nikajifunza kuangalia mikwaruzo kwa kuielekeza sahani kwenye mwanga wa dirisha.

Na nilikosea sana, mwanangu, kwa namna za kuchekesha. Niliwahi kuziacha ndani ya gari Matrah mchana wa Juni, nikenda kunywa sharubati. Niliporudi zilikuwa zimeinuka kingo kama maua. Bibi yako, Mungu amrehemu, akazichukua akatilia ndimu. "Sahani zako sasa mabakuli," akanambia, "angalau zina kazi." Moja niliisafisha kwa mafuta ya nazi, kama nywele. Wimbo mmoja niliununua mara tatu kwa kuwa kila mara lebo yake ilikuwa na rangi nyengine, na nilipogundua nikawa najisifu eti nna zote.

Hayo nayacheka mpaka leo. Liko jengine ambalo lilikuja polepole, na hilo ndilo jibu la suali lako.

Mie na babako tulioana kwa mikono ya wakubwa, na wakubwa hawakukosea, lakini hawakutupa la kuzungumza. Tukaheshimiana. Tuliheshimiana kama wageni wawili waliokutana hotelini: tafadhali, ahsante, tangulia weye. Yeye alikuwa kwenye bohari la vipuri vya viyoyozi kule mtaa wa Ghala, akirudi Magharibi ananuka mafuta na makadibodi. Mie nilikuwa na kile chumba kidogo cha chini, karibu na mlango wa uani. Nilikifanyia rafu, nikaweka gramafoni, nikawa nikimaliza vyombo naingia na kufunga. Nilikuwa najiambia nafunga kwa ajili ya vumbi.

Siku moja, hujatimiza hata mwaka, alibisha. Nikafungua nusu. Akasema, "Nikae kidogo?" Nikatazama viatu vyake. Nikamwambia, "Vina vumbi, na hapa pana sindano." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akenda kwenye televisheni. Hakubisha tena. Miaka ikapita, hakubisha, na mie nikaona ni kwa sababu hazipendi.

Ukakua ndani ya nyumba mbili zilizopangwa kwenye nyumba moja. Ulikuwa unapeleka habari. "Baba anasema chai." "Mama anasema iko jikoni." Tulikuona unachekesha, tukakupa pipi.

Kisha ikaja ile wiki ambayo weye unaikumbuka kwa aiskrimu. Binamu yake babako alikuwa anakuja kutoka Unguja, hapakuwa na pahala pa kumlaza, babako akayatoa maboksi yangu mawili akayaweka uani. Kivulini, alisema, na kweli yalikuwa kivulini, mpaka jua lilipozunguka. Nilipotoka kazini nikakuta sahani zimepinda. Nilisema maneno. Yeye, mtu asiyesema, siku ile alisema: "Asya, nyumba hii ina watu wangapi? Maana mie nahesabu wawili na mpangaji, na mpangaji ni mie." Nikakushika mkono, nikachukua mkoba, nikaita teksi, tukenda Matrah kwa mjomba wako Nassor. Weye ulidhani tumekwenda kutembea. Ulikula aiskrimu ya pistachio ukitazama meli, ukauliza kwa nini Baba hakuja, nikakwambia ana kazi.

Kaka yangu nikamwambia sirudi. Nassor unamjua. Alikuwa anamenya chungwa, hakuinua hata macho. "Kaa mpaka utulie," akasema, akanigawia nusu.

Sikupata kutulia. Ndipo kilipokuja kimbunga.

Walikuwa wametangaza tangu juzi yake, lakini sie watu wa Maskati mvua tunaisikia kwenye habari za wengine. Ilipofika, milima ya Matrah ikawa inamwaga maji kama birika lililopinduliwa, vichochoro vikageuka mito, umeme ukakatika, kisha simu. Nyumba yetu, unajua ilipokuwa, ilikuwa kando ya wadi, lile bonde kavu ambalo mwaka mzima ni mawe na mbuzi na watoto wanaocheza mpira. Nilikaa kwenye ngazi za kwa Nassor nikipiga simu isiyolia. Sahani hazikunijia kichwani, nakuapia. Nilichokuwa nikifikiria ni kwamba babako hajui kuogelea, na kwamba hilo nilikuwa nalijua, na sikumbuki kama nilipata kumuuliza kwa nini hakujifunza.

Barabara zilipofunguka Nassor akatupeleka. Mwisho wake tulikwenda kwa miguu. Friji ya mtu ilikuwa imelala katikati ya njia, mlango wazi, imejaa mchanga. Ulikuwa mabegani mwa mjomba wako na ulikuwa unafurahi. Mlango wa nyumba yetu haukuwepo. Ndani tope lilifika magotini, kochi lilikuwa jikoni, kitanda chetu cha harusi kimesimama wima. Nikaita.

"Suleiman!"

Nikaita tena, na kutoka juu kabisa, juu ya dari, nikasikia, "Nani?"

Nikatoka uani nikatazama juu. Kichwa chake kikachungulia.

"Asya? Mtoto yupo?"

"Yupo."

"Basi pandeni polepole. Ngazi zinateleza."

Hivyo tu. Tukapanda. Alikuwa amevaa kikoi na fulana, na kiunoni, juu ya kikoi, khanjari ya babu yako yenye ala ya fedha. Ndevu zimemtoka. Nyuma yake, kwenye kile kiguzo cha tangi la maji, maboksi yangu yalikuwa yamepangwa moja juu ya jengine, yamefunikwa kwa zulia la chumbani na kufungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Gramafoni ilikuwa imevikwa kanzu yake ya Idi.

Nikasimama. Nassor akakohoa, akasema anakwenda kuangalia gari, ambalo tuliliacha mbali kabisa.

"Hukutoka?" nikamuuliza.

"Nilitoka. Karibu mtaa mzima tulitoka, tukapanda msikiti wa juu. Halafu nikarudi."

"Kufata sahani?"

Akajikuna shingo. "Sahani sizijui, Asya. Hata jina la moja silijui. Nilifikiri ukirudi ukakuta hamna hata kitu chako kimoja, utaona hapana la kurudia."

Alikuwa amepanda na kushuka maji yakimfata. Alianzia rafu za juu kwa sababu ndizo zilizokuwa usawa wa mikono yake. Za chini hakuziwahi, zikazama. Televisheni yake ilizama, nguo zake zilizama, redio aliyorithi kwa babake ilizama. Mie nikakaa chini kwenye dari lililolowa, nikacheka na kulia kwa pamoja, sura mbaya, na weye ukauliza kwa nini Baba kavaa khanjari na kikoi.

"Sasa ningeitia wapi?" akakujibu. "Mikono ilikuwa imejaa."

Ulivyocheka, mwanangu. Nakuombea usije ukausahau mcheko ule.

Zilizozama tulizikuta chini ya tope, maboksi yamekuwa uji. Nilikuwa nimeshaanza kuzirundika za kutupa alipokuja Wanjiku. Unamkumbuka Wanjiku, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akimtunza Bi Shariffa jirani yetu. Siku ya maji alimpandisha bibi na kiti chake cha magurudumu mpaka juu ya dari la nyumba yao, sijui kwa nguvu gani. Akaja na mabeseni mawili kichwani.

"Mama Rayya, hizi unatupa za nini?"

"Zimekufa, Wanjiku."

"Zimekufaje na ni plastiki? Plastiki huoshwa. Leta hapa."

Tukakaa uani, juu ya matofali, tukaosha sahani kwa sabuni ya vyombo. Beseni la kwanza kutoa tope, la pili kusuuza, babako anazipokea na kuzisimamisha kwenye kichanja cha vyombo zikauke. Ukipita mtu ungedhani tumeandaa karamu. Mie nilikuwa sawa mpaka lebo zilipoanza kutoka. Zilibanduka kwenye maji kama ganda la nyanya iliyochemshwa, nyekundu, samawati, za dhahabu, zikaelea na majina yote, na waimbaji, na nambari nilizozisoma miaka mingi. Nikashika sahani mkononi, nyeusi tupu, sijui ni ya nani. Nikalia kweli sasa. Hata kwa ajili ya kitanda sikulia hivyo.

Babako akaichukua ile sahani, akaipangusa kwa fulana. "Kwani inayoimba ni karatasi?"

Umeme uliporudi tukairudisha gramafoni kwenye kile chumba kidogo, tukaivua kanzu. Ikakubali. Tukaanza kuziweka moja moja, kila mtu mguu kwenye tope, kuona zipi zimepona. Nyengine zilikwaruza kama mtu anayekaanga dagaa. Nyengine zilitoka safi. Na mie, mwenye kuzijua zote, nikagundua sizijui. Nilikuwa nazijua kwa kuzisoma. Bila ya lebo nilikuwa nasema hii ni ile, kumbe siyo, na babako, aliyezisikia ukutani miaka yote akiwa upande wa pili wa mlango, anasema, "Hii huwa unaiweka ukiwa umeudhika." Nikamgeukia. "Na ile huiweka siku ukipokea mshahara," akasema.

Majina mapya ulitoa weye. Ulikuwa na kalamu na plasta za vidonda nilizoleta kutoka zahanati, unaandika unabandika katikati. *Anayeshuka na Mzigo*. *Kijana Anapiga Chafya*. *Wanne na Mlango Uliofungwa*. *Bibi Hataki*. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mmoja na wanaume wanaombembeleza nyuma, na kila wakimbembeleza yeye anajibu kitu kifupi, hata asiyejua Kiingereza anaelewa kwamba jibu ni hapana.

Wanjiku alikuwa mtu wa kwaya kanisani kwao, na nyimbo zile zilimtia wazimu. "Lakini hizi ni sauti nne za kwaya! Huyu ni besi. Huyu ni teno. Na huyu anayelia juu, hebu sikia, ni mwanaume! Baba Rayya, wewe shika hii ya chini."

"Mie siimbi."

"Si kuimba. Ni kunguruma tu. Kama gari likikataa kuwaka."

Akanguruma.

Rayya, nilikuwa nimeolewa na mtu yule miaka, nilikuwa nimempikia, nimemzalia, nimemuuguza homa, na sauti ile sikupata kuisikia. Ilitoka chini ya kifua, imetulia, haina haraka, ikaingia chini ya wimbo ikaubeba. Wanjiku akaingia juu yake. Bi Shariffa, aliyekuwa haongei ila kulalamika, akapiga makofi akikosea mapigo yote. Nilimtazama babako kama mtu aliyeingia sasa hivi. Wimbo ulipokwisha akaona haya, akawa anarudi zake uani. Nikamwambia, "Kaa." Akatazama miguu yake, tope mpaka karibu na magoti. Nikamwambia, "Hata mie yangu imejaa tope. Kaa."

Hatukupata kuzungumza kama nimerudi au sikurudi. Nguo zetu zilikuja kutoka Matrah, na Nassor kwenye simu aliuliza neno moja tu: "Umetulia?" Chumba kidogo tulipokijenga upya babako akauliza mlango utiwe rangi gani. Nikamwambia pasiwe na mlango. Fundi alidhani tumeishiwa.

Ndipo zikaanza zile Alkhamisi zetu unazozijua, kahawa na kelele. Miaka ikenda. Akaja mzee mmoja wa Kijerumani, mkusanyaji, aliyesikia habari zetu kwa mtu wa Matrah. Alipoziona sahani zimebandikwa plasta za vidonda alishika kichwa. Kisha akakaa, tukamuwekea. Yule mtu alikuwa anajua! Inapigwa kidogo tu, anataja waimbaji, anataja mji, anacheka kama mtoto. Nikayapata majina yangu karibu yote niliyoyalilia. Niliyaandika kwenye kadi, nikaweka, na mpaka leo tukitaka wimbo tunasema Kijana Anapiga Chafya.

Moja ikamshinda. *Bibi Hataki*. Akaomba irejewe, akaomba tena, akavua miwani. Akasema hajapata kuisikia maisha yake yote, na kwamba yawezekana zimebaki chache duniani, au ndiyo hii tu. Akataka ainunue kwa vyovyote. Kabla sijafungua mdomo babako akasema, "Haiuzwi," kwa sauti ileile ya chini ya kifua, na mzee wa watu akarudisha miwani.

Mwaka ule Bi Shariffa alifariki, na Wanjiku akawa hana tena kazi, akafunga mizigo arudi kwao. Alkhamisi yake ya mwisho hakuomba kitu. Aliimba tu sehemu yake ya *Bibi Hataki*, macho kafumba, anakataa na kukataa, na sie tunambembeleza. Ilipokwisha nikanyanyuka, nikaitoa kwenye mashine, nikaitia kwenye bahasha yake, nikampa. Sikuwa nimefikiria. Mkono ulitangulia.

Babako alingoja mpaka teksi ilipopinda kona.

"Ile ilikuwa yangu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuinguruma."

Tukagombana, Rayya! Hukumbuki? Ulitoka chumbani ukatwambia tupunguze sauti una mtihani. Tuligombana vizuri, tumekaa kwenye kochi moja, yeye anasema lake, mie langu, yeye ananiita jeuri, mie namwita bahili, kisha mmoja wetu, sikumbuki nani, akafata maji jikoni akaleta gilasi mbili. Nilikuwa na furaha ndani ya ugomvi ule ambayo siwezi kuieleza. Zamani tungeagana usiku mwema.

Wanjiku alitafuta gramafoni Nakuru mpaka akaipata. Kwaya yao inaiimba sasa, wameitia maneno ya kanisani, na yule bibi aliyekuwa anakataa wanaume huko kwao anamkatalia shetani. Walipotuletea kwenye simu babako alisikiliza mpaka mwisho. "Besi wao anakimbia," akasema. Akataka irejewe. Na mie ukiniuliza kama najuta kuitoa, nakujibu kweli: kuna siku najuta. Nyimbo zote za dunia ziko kwenye simu yako na ile haimo. Lakini sijapata kutamani kwamba ningemwacha aondoke mikono mitupu.

Basi hilo ndilo jibu. Ndiyo, kuna miaka nilizipenda kuliko babako, maana zilikuwa hazitaki kitu kwangu ila nizisikilize, na yeye alitaka nami niseme, anisikilize. Cha pili ni kigumu zaidi. Nilichelewa kukijua, na nilijulishwa na maji.

Nnakwambia hivi kwa sababu nakuona. Ukifungua michoro yako ya meli, unapotea, mtu anakuita mara tatu. Nafurahi, maana mtu aliyeshikwa na kitu hachoshi, na mie sikukuzaa uwe wa kuchosha. Usiache hata kidogo. Ila umechukua kwangu na ile ya kufunga mlango taratibu ili watu wasikasirike. Nimekuona ukiifanya. Naijua hata sauti ya kitasa.

Sikupi sahani hata moja. Babako alitaka nikufungie, nikakataa. Hizi zina majina uliyoyatoa ukiwa na meno ya utoto, zitabaki hapa. Za kwako ni za kutafuta mwenyewe, na huenda zisiwe sahani kabisa, zikawa meli, au vyungu, au ndege wa baharini. Utazijua kwa namna utakavyosimama kwenye jua ukasahau ulichojia.

Na siku hiyo, mwanangu, ukiwa umejifungia navyo huko, atakuja mtu. Sijui nani, jirani, mwenzako wa kazini, mtu mwenye lugha usiyoielewa na suali la kipuuzi. Atakuja wakati mbaya kuliko wote. Atakuwa na viatu vichafu. Mwambie aingie navyo.

Mamako akupendaye,
Asya

Kesho uwanja wa ndege sitolia. Babako ndiye atakayelia, na atasema ni kiyoyozi.